Jibu lisilo na mwisho lisifutwe



Iko desturi moja darasani ambayo mimi naona ni mbaya. Mwanafunzi akifanya hesabu na jibu likakimbia bila mwisho, anapasua upesi ukurasa wa kaye, kisha anachungulia kwa jirani. Pointi zinatolewa kwa mstari wa mwisho tu.

Wataalamu wa fizika walikutana na jambo hilo tangu miaka ya 1930. Walipohesabu namna elektroni inavyojisukuma yenyewe kwa umeme wake, jibu likatoka bila mwisho. Wakauliza: uzito tulioandika katika fomula, ndio ule tunaoupima? Kumbe hapana! Ule unaopimwa umekwisha kubeba yote ndani yake. Wakaweka namba iliyopimwa, na ule usio na mwisho ukamezwa. Hiyo ndiyo renomalizasio. Kama namba chache za kupimwa zinatosha, nadharia inasimama. Kama kila hatua inadai namba mpya, imeanguka. (Dirac hakuipenda mpaka alipokufa 1984.)

Tena msiseme ni mambo ya wazungu. Mwaka 1974 Abdus Salam wa Pakistan, pamoja na Strathdee, walitunga supaspesi huko Trieste, Italia, kwa ajili ya supasimetri, nadharia inayosema kila chembe ina mwenzake. Juu ya urefu, upana, kimo na wakati waliongeza namba za ajabu: a mara b ni kinyume cha b mara a, basi a mara a ni sifuri. Jaribuni kwa biki, ni dakika tano.

Mwaka 2003 Seiberg akapotosha sheria hiyo: a mara a isiwe sifuri tena, iwe namba fulani. Iliogopwa kwamba majibu yasiyo na mwisho yatazidi bila dawa. Watu wakahesabu. Fomula ya kwanza haikutosha, ikawapasa kuongeza vipande vichache, na nadharia ikasimama. Wangalipasua karatasi, vipande hivyo wangalivionea wapi? Kweli, Geneva mpaka leo hawajaona hata chembe moja ya supasimetri. Hesabu yenyewe inabaki.

Salam alianzisha kituo cha Trieste 1964 kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu, na tangu 2018 kuna chuo kinachoshirikiana nacho Kigali. Mmoja wetu akifika huko, ataulizwa jibu lake liliharibika wapi. Atasema nini, ikiwa amezoea kupasua?

Basi naomba hivi: kosa lipigwe mstari mmoja tu, libaki linasomeka. Na mwalimu atoe hata pointi mbili juu ya kumi kwa yule anayeonyesha mahali lilipoingia. Darasa la tano waanze juma hili.