SEHEMU YA 6: Gauni jeupe la kipaimara halimfanyi binti kuwa mtu mzima

Wamama wa kanisani, leo tutagombana kidogo. Msinikimbie, someni hadi mwisho.

Msimu wa kipaimara ukifika tunajua kujipanga. Kamati inakaa, michango inapita, ukumbi unalipiwa, keki inakatwa, MC anatangaza: "Binti yetu sasa ni mkubwa!" Vigelegele. Kesho yake huyo mkubwa anakabidhiwa nini? Ndoo, masufuria na mdogo wake wa kubeba mgongoni. Kuhusu mwili wake mwenyewe ameambiwa sentensi moja tu: "Ukicheza na wavulana utapata mimba."

Mimi nasema hayo sio malezi ya Kikristo. Huo ni uoga wetu, tumeupa jina la maadili.

Sisi manesi tunayaona matokeo. Binti wa miaka 13 anaamini kukaa dawati moja na mvulana kunaweza kumpa mimba, ila hajui kwamba anko anayemshikashika akimpeleka tuisheni anamtendea kosa. Mwingine anatoka damu siku kumi na moja, anaona aibu kusema, anadhani ndivyo wanawake wote walivyo. Maandiko anayajua kwa sura na mstari. Tarehe ya hedhi yake haijui.

Najua mtaniambia: "Nesi, ukimfundisha ndio unamfungulia njia." Mama, njia ilishafunguliwa. Kama hana simu, rafiki yake anayo. Kufundishwa atafundishwa tu, swali ni nani atamfundisha. Wewe ukinyamaza, kuna kijana barabarani ana muda wote wa kuongea naye.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya unyago, sisi tumeokoka. Sawa. Lakini kule Masasi, miaka ya 1920 na 1930, Askofu Vincent Lucas wa Anglikana hakuifuta jando. Aliiweka chini ya Kanisa, na wasichana nao wakaandaliwa malango ya Kikristo. Unaweza kubishana naye kwa mengi, ila aliona kwamba huwezi kumwondolea binti somo wake usimpe mwingine. Sisi tumemfukuza kungwi, kiti kikabaki kitupu. Shangazi yuko mbali, bibi yuko kijijini, mama yuko vikoba.

Mtazameni Maria. Alipopata habari nzito kuliko zote, alifunga safari kwenda kwa Elizabeti, ndugu yake mtu mzima, akakaa naye miezi kama mitatu. Alipokelewa kwa baraka. Sasa nakuuliza mama, binti yako akipata habari nzito, Elizabeti wake ni nani? Kama jibu ni "hawezi kuthubutu kuniambia", usijisifu kwamba umemlea kwa heshima. Umemwacha peke yake.

Ukubwa anakabidhiwa mtu pamoja na maarifa yake. Mkabidhi haya:

1. Kalenda. Aandike siku anazoanza na kumaliza hedhi. Miaka ya mwanzo, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Damu ikizidi siku 7, au akilowesha pedi kila saa, mlete kituo cha afya. Na ajue kwamba mimba inawezekana hata kabla hajaona hedhi ya kwanza, kwa sababu yai hutangulia.

2. Chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja tu, ikatolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Haiharibu uzazi wala haimfundishi mtoto umalaya.

3. Saa 72. Akibakwa, dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Usimwogeshe, usifue nguo zake, usiite kikao cha ukoo kwanza. Mlete. PF3 ifuatiliwe, lakini isiwe sababu ya kuchelewesha matibabu.

4. Neno "hapana". Alitumie kwa mjomba, kwa mwalimu, hata kwa mtumishi wa Mungu. Kuheshimu wakubwa hakujumuishi kushikwa mwili.

Na nyie wamama wa watoto wa kiume, msijifanye hayawahusu. Binti akipata mimba anatolewa kwaya, anatengwa. Mvulana aliyempa mimba Jumapili ijayo yuko pale pale anapiga kinanda. Hiyo ni haki gani? Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa ujauzito warudi darasani. Shule imemfungulia mlango, na sisi watu wa msamaha bado tunamkalisha benchi la nyuma. Tuone aibu.

Sikatai usafi wa moyo. Naamini binti anaweza kujitunza, na natamani ajitunze. Lakini anayejitunza kwa kuwa anajua na ameamua, huyo ndiye amekomaa. Anayejitunza kwa hofu, hofu ikiisha hana kitu cha kumshika.

Leo jioni mkiwa jikoni mnachambua mboga, muulize: "Mwanangu, umesikia nini kuhusu hedhi na mimba?" Halafu nyamaza, umsikilize. Usimkatize, usianze kuhubiri.

Sehemu ya 7 ni zamu ya wababa. Mtumie hii mama mwenzio wa jumuiya. Maswali andika hapo chini, ya siri njoo inbox, nitajibu nikitoka zamu.