Ajali Yenye Msimu

Kila kipupwe, kati ya Juni na Agosti, wakazi wengi wa nyanda za juu, kuanzia Makete na Njombe hadi Lushoto, huingiza jiko la mkaa chumbani ili walale penye joto. Mlango hufungwa, dirisha huzibwa kwa nguo kuukuu, na wapo wasioamka. Msibani husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa maoni yangu, usemi huo haufai hapa. Ajali ambayo msimu wake, chumba chake na chanzo chake vinajulikana ina kinga. Kosa letu ni kuizungumzia baada ya mazishi.

Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujaa haraka katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo hukosa oksijeni. Wengi hudhani hatari ni moshi, hivyo husubiri makaa yawe mekundu ndipo waingize jiko. Makaa mekundu nayo hutoa gesi hii. Wengine huweka beseni la maji kando ya jiko. Maji hayawezi kuifyonza gesi hiyo kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Aliyelala hapati onyo lolote.

Kwa wahudumu wa afya wenzangu, mtego uko katika dalili. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu hutufanya tufikirie malaria au mafua. Kipima oksijeni cha kidoleni nacho hudanganya, kwa kuwa hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksidi. Mgonjwa mahututi anaweza kuonyesha kiwango cha kawaida. Kwa hiyo tuulize: Je, mlilala na jiko? Kuna mwingine nyumbani mwenye dalili hizi? Unapata nafuu ukitoka nje? Tukishuku, tumpe mgonjwa oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa papo hapo, bila kusubiri vipimo. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi huchukua takribani saa 4 hadi 5 kutoka katika damu. Kwa oksijeni safi, muda huo hupungua hadi takribani saa 1 na nusu. Mjamzito apewe kipaumbele, kwani mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika hata mama anapoonekana hana shida kubwa. Aliyepona naye aambiwe arudi iwapo siku au wiki chache baadaye ataanza kusahau au kubadilika tabia.

Hata hivyo, makatazo peke yake hayatoshi. Mama aliyejifungua Julai huko Makete huambiwa na sisi wenyewe asimwache mtoto apate baridi. Tukimkataza jiko bila kumpa njia nyingine, tunamwacha achague kati ya baridi anayoihisi na gesi asiyoiona. Tumfundishe kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kumvisha kofia na soksi, na kujifunika naye blanketi akiwa macho. Familia itandike mikeka au magunia chini ya godoro lililo sakafuni, ioge maji ya moto jioni, na jiko libaki nje.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mitambo ya kupasha joto nyumba hukaguliwa kila mwaka kabla ya baridi kuanza. Sisi pia tuna mwezi wa kufanya hivyo: Mei. Mwenye nyumba yenye meko ya ukutani aite fundi afagie masizi ndani ya dohani, aondoe viota vya ndege na kuziba nyufa. Mwenye hita ya gesi aikaguze, na asilale ikiwaka. Mwenye jiko la mkaa pekee aandae blanketi na kurekebisha mlango unaopitisha upepo, akikumbuka kanuni moja: chumba kisicho na moto chaweza kuzibwa, chumba chenye moto hakizibwi kamwe, wala hakilaliwi.

Napendekeza kliniki za wajawazito na watoto katika maeneo ya baridi ziongeze swali moja kila Mei: “Usiku wa baridi, mnapashaje joto chumba mnacholala?” Halihitaji kifaa wala bajeti, na linaweza kuulizwa wakati mtoto akipimwa uzito. Jibu likiwa ni jiko la mkaa, mazungumzo yaanzie hapo hapo, mama akiwa mbele yetu na Juni ikiwa bado haijafika.