Baridi haiko sababu ya kufungia nyama mchana

Kuko wenye kutuuliza: ninyi wa sindika ya mugodi, munatafuta nini mu mambo ya zoo? Tunatafuta nyumba. Tumezoea kubishana na wakubwa juu ya nyumba za watumikaji, simenti yenye baridi na manjanja yenye kuvuja, na ni na macho ileile tunaenda na watoto ku zoo ya Lubumbashi siku ya yenga.

Muji wetu uko juu, karibu metre 1.200. Mwezi wa sita na wa saba, usiku joto linashuka chini ya digri 10. Sokomutu ni nyama wa pori ya joto. Wale ambao J.A.C.K. inachunga palepale ku zoo tangu 2006 walinyanganywa ku wachuuzi, hawakuchagua Lubumbashi. Kwa hiyo kuwaingiza ndani usiku ni haki yao, hatubishi.

Lakini baridi ni ya usiku. Saa sita ya mchana jua linawaka, hata mwezi wa saba. Mu zoo nyingi za dunia, nyama anafungiwa saa kumi ya mangaribi juu mulinzi amemaliza kazi, si juu ya baridi. Mpaka saa mbili ya asubui, ile ni masaa 16 juu ya simenti. Simba anaanza kwenda na kurudi njia moja tu, sawa mufungwa mu kasho. Sokomutu anajingoa manyoya. Na mu chumba kidogo, mudogo hana pa kumukimbilia mukubwa mwenye kumupiga.

Mvua ikianza, kazi inageuka: majani ya kulalia yanaloana, yanaoza, lazima kubadilisha kila mara. Nani atabadilisha kama mulinzi ni mumoja?

Njo maana tunasema: mulango ubakie wazi mchana, nyama mwenyewe achague jua ao kivuli. Ekipe ya pili ya walinzi ifanye kazi mpaka usiku, na ilipwe. Majani makavu yanunuliwe mwezi wa tano, si kungojea nyama wakohoe.

Wengine watasema watu wenyewe hawana nyumba. Ni kweli. Lakini miaka ya 1990, zoo ilipobakia karibu tupu, wazazi wetu nao walikuwa wanangojea mishahara isiyofika. Na mushahara wa mulinzi wa mangaribi unaingia mu nyumba ya mutu, watoto wanakula bukari.