Ufunguo Bila Maelezo

Mtumishi wa umma wa leo, awe Dodoma au katika kata ya Nemba wilayani Biharamulo, hafanyi kazi bila jina la kuingilia na nywila. Hesabu za kituo cha afya zimo katika FFARS, kumbukumbu za wagonjwa zimo katika GoTHoMIS, na tathmini ya utendaji wake mwenyewe imo katika PEPMIS. Naomba tujiulize, ndugu msomaji: mtumishi huyo akihamishwa kesho, nani ataufunga mlango nyuma yake, na atafuata maelezo yapi?

Wataalamu walikwisha kutafuta jibu. Badala ya kila mfumo kuwa na orodha yake ya watumiaji, huwekwa saraka moja, na mifumo yote huiuliza: mtu huyu ni nani, na anaruhusiwa nini? Itifaki ya LDAP, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993, ndiyo lugha ya maswali hayo. Active Directory ya Microsoft huielewa, na zipo programu za kuziunganisha kompyuta za Linux na saraka hiyo. Ukimfuta mtu mahali pamoja, milango yote iliyounganishwa hufungwa.

Lakini programu hizo huja na miongozo, na miongozo ina kaida zake. Herufi za upana sawa humaanisha: andika hivi hivi. Herufi za mlazo humaanisha: ondoa neno hili, uweke jina la seva yako. Asiyeijua kaida hiyo hunakili mfano kama ulivyo, kisha hushangaa mfumo unapomkataa. Hata maneno ya kawaida yamewekewa mipaka: tangu mwaka 1997, waraka uitwao RFC 2119 umetofautisha lililo lazima, linaloshauriwa na lililo hiari. Anayelichukulia la lazima kuwa ni ushauri huacha mlango wazi akidhani ameufunga.

Wapo watakaosema kwamba maofisa TEHAMA wetu wamesoma Kiingereza, hivyo hakuna tatizo. Mimi sikubaliani nao. Kujua lugha si kujua kaida. Zaidi ya hapo, ofisa akiwa likizo, kazi humwangukia karani. Tukitegemea kumbukumbu za kichwani mwa mtu mmoja, anapohama huondoka na taasisi mfukoni.

Hili si suala la urahisi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka taasisi inayohifadhi taarifa za watu izilinde. Akaunti ya aliyeondoka, ikiendelea kufungua majalada ya wagonjwa, ni uvunjaji wa siri ya mama aliyekwenda kliniki akiamini kuwa siri yake iko salama.

Wala tusisingizie kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Lugha inayoweza kubeba hukumu ya jaji haishindwi kubeba mwongozo wa seva.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, Mamlaka ya Serikali Mtandao na BAKITA wakubaliane juu ya kaida moja ya uandishi wa miongozo, ambamo «lazima», «inashauriwa» na «hiari» yana maana isiyobadilika. Pili, kila mwongozo ufungue kwa ukurasa unaozieleza alama zake. Tatu, mfumo wowote usipokelewe kutoka kwa mkandarasi kabla karani ambaye hakuujenga hajausoma mwongozo na kuifunga, peke yake, akaunti moja ya majaribio. Akishindwa, kazi irudishwe kwa mkandarasi, na malipo yasubiri.