Kongoti hayumo katika hesabu

WANAOTAKA kuweka fedha katika ndege ndogo za kukodisha uwanjani Wilson, Nairobi, hukokotoa bei ya mafuta hadi senti ya mwisho. Kongoti hawamhesabu. Mla mizoga huyo wa majalalani hufikia kilo 9; akigonga propela ya Cessna Caravan, yenye injini moja tu, huenda safari ikaishia hapo. Bima ya kawaida hulipia matengenezo. Siku ambazo ndege imelala bila watalii wa Maasai Mara ni hasara ya mwenye mali, na riba ya benki hailali. Uwanja umepakana na Mbuga ya Taifa, hivyo kongoti hatahama. Taka za mitaa jirani zinahamishika. Ada ya kutua hulipwa kila safari. Sehemu yake ingelipa wazoaji.