Kalamu Baada ya Kazi

Ndugu walimu, kisingizio cha kukosa nafasi kimechakaa. Shaaban Robert alitumikia idara ya forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, wala hakungoja kustaafu ndipo ashike kalamu. Sisi wa Bujumbura twaogopa nini kuingia warsha ya uandishi jioni, baada ya kazi, pamoja na karani, muuguzi na fundi, kila mmoja asome alichoandika na wenziwe wamkosoe ana kwa ana? Aandikaye peke yake chumbani hujisomea makosa yake hata yakamwia matamu. (Nasi walimu, tukubali, twasaka kosa la ngeli kabla ya kuisikia hadithi.)

Tazameni Samandari, baraza la fasihi lililoanzishwa mjini humu mwaka 2010. Roland Rugero, mmoja wa waanzilishi wake, alitoa riwaya ya Baho! kwa Kifaransa mwaka 2012. Mwaka 2016 ikatoka kwa Kiingereza. Na Kiswahili cha Buyenzi, kisemwacho mchana na usiku, riwaya yake i wapi? Twawasahihisha watoto insha, wenyewe hatuandiki hata ukurasa. Warsha yahitaji chumba, mabenchi na watu kumi. Madarasa yetu mengi huwa matupu baada ya saa kumi na mbili.