Bajeti ya Chakula cha Jioni Hupangwa Julai

Februari iliyopita nilikaa siku nne kwa dada yangu, Ifakara. Nyumba yake ina walaji 11: watoto, wajukuu, mama mkwe, na vijana wa ndugu waliofuata shule mjini. Kila alasiri alifungua pindo la khanga, akahesabu fedha kimya: unga kilo tatu, dagaa wa kupima, fungu la nyanya, mafuta ya kupimiwa. Matembele aliyachuma nyuma ya nyumba. Dagaa aliwatia mchuzi mwingi, ili hata sahani iliyokosa samaki isikose ladha yake. Watoto walipakuliwa kwanza. Yeye alikula mwisho, ukoko na kilichosalia.

Wali sikuuona. Na dada yangu ni mkulima wa mpunga.

Nakiri kosa langu. Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi kwamba kaya maskini zinahitaji elimu ya kupanga matumizi. Nikataka kumfundisha na yeye. Alinisikiliza kwa subira, kisha akasema: "Kaka, bajeti ya leo niliipoteza Julai."

Tukapiga hesabu. Julai aliuza magunia sita ya mpunga. Gunia la kilo 100 likikobolewa hutoa mchele wa kilo 60 hivi. Sita ni kilo 360. Kwa kilo tatu kila jioni, hizo ni siku 120: tangu Novemba mosi hadi mwisho wa Februari. Ndiyo miezi ile ile ambayo sasa ananunua unga kwa kuungaunga.

Kwa nini aliuza? Deni la trekta na dawa ya magugu liliiva pamoja na mpunga. Mtoto alikuwa anaanza kidato cha tano, akihitaji godoro, sare na nauli. Majirani nao waliuza wiki hiyo hiyo, bei ikaanguka. Mnunuzi akataka lumbesa, akapewa.

Watakuwapo wa kusema kwamba tatizo ni ngoma na sherehe za baada ya mavuno. Sherehe zipo, sikatai. Lakini katika magunia yale sita, hakuna hata moja lililokwenda ngomani. Mwanamke anayelisha watu 11 kwa fedha ya pindoni hahitaji somo la ubanifu. Sisi ndio tungejifunza kwake.

Anachohitaji ni uwezo wa kungoja. Daraja la Magufuli, lililofunguliwa 2018, limetuondolea adha ya kivuko cha Mto Kilombero, na mpunga unatoka kwa urahisi. Lakini daraja halimpi mkulima muda. Sheria ya Stakabadhi za Ghala tunayo tangu 2005, na wakulima wa korosho wa kusini wanaijua, pamoja na kero ya malipo kuchelewa. Kwa mpunga, ghala litafaa tu iwapo mkulima atapata malipo ya awali siku anapoweka mzigo, na iwapo mikopo ya pembejeo itakomaa Novemba badala ya Julai. Lumbesa imekatazwa kisheria. Kinachokosekana ni mizani shambani na afisa wa kuisimamia.

Ndugu mtumishi wa umma, haya yamo ndani ya mamlaka yako.

Siku niliyoondoka, mpunga ulikuwa umesimama vizuri bondeni. Mwenye trekta alikuwa amekwisha kupita kukumbusha deni lake.